West Virginia ilikuwa ngome ya Democratic, leo Trump anazoa karibu asilimia 70. Uliberali wa Marekani ulikwama wapi?

MzeeWaBaraza (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kuna jimbo moja la Marekani linanichanganya. Mwaka 1980 Reagan alifagia majimbo 44, West Virginia ikabaki na Carter. Mwaka 1988 Dukakis alichapwa, akaambulia majimbo 10 na Washington DC, na West Virginia ikiwamo. Clinton akaichukua mara zote mbili. Halafu mwaka 2000 ikamtosa Al Gore, na tangu hapo haijarudi. Zile kura 5 za wajumbe wa jimbo lile wanaomchagua rais, peke yake zingempa Gore urais bila hata kugombania Florida. Mwaka 2024 Trump kapata karibu asilimia 70.

Na hawa si matajiri. Ni nchi ya milima na makaa ya mawe. Mwaka 1921 wachimbaji waliokuwa wanadai chama chao walibeba bunduki wakapigana na jeshi pale Blair Mountain. Mwaka 1961, Kennedy alipoanzisha vocha za chakula kwa majaribio, familia ya kwanza kuzipokea ilikuwa ya huko huko, kaunti ya McDowell. Kwa akili yangu, hawa ndio wangekuwa wa mwisho kukihama chama cha Roosevelt.

Nikisema uliberali nazungumzia ule wao: mkono wa serikali, pensheni za wazee, Medicare (bima ya afya ya wazee), kima cha chini cha mshahara, haki za raia. Nini kiliuangusha kwa watu wa namna hii? Ila naomba tusije na "Wazungu ni wabaguzi" halafu tukaondoka.

Chizi_Maarifa

Wazungu ni wabaguzi. Uzi ufungwe.

Kipanga_Mkali

Chizi katania lakini kalenga. Mzee wa Baraza, huwezi kulikwepa hilo jibu kwa sababu tu limezoeleka.

Angalia Roosevelt mwenyewe. Mwaka 1936 alishinda majimbo 46 kati ya 48. Alifanyaje? Alikaa na wabunge wa Kusini ambao walikuwa Wademokrati na wabaguzi hasa. Sheria ya pensheni ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka huo huo ikawaacha nje hao hao. Kule Kusini kazi hizo zilikuwa za watu weusi. Uliberali ulipendwa sana ulipokuwa unaishia mlangoni kwa mweusi.

Rais Johnson akauvusha mlango. Alisaini Sheria ya Haki za Raia tarehe 2 Julai 1964, na ya haki ya kupiga kura Agosti 1965. Ni kweli mwaka 1964 alipata asilimia 61 ya kura zote, lakini tazama majimbo aliyoyapoteza: Arizona, kwao Goldwater mpinzani wake, na matano ya Kusini kabisa. Georgia haikuwahi kumpa Mrepublikan kura zake hata siku moja kabla ya hapo. Miaka miwili baadaye chama chake kikapoteza viti 47 Bungeni. Mwaka 1968 George Wallace, mbaguzi asiyejificha, akachukua majimbo matano peke yake.

Msomi_wa_Mbagala

Kipanga nondo zako nzito, ila zinajibu swali la Mississippi. Mleta mada kauliza West Virginia.

Jimbo lile lilijitenga na Virginia wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, likaingia Muungano mwaka 1863. Weusi ni wachache sana pale. Baada ya 1964 lilimpa Humphrey kura mwaka 1968, Carter mara mbili, Dukakis, Clinton mara mbili. Kama dawa ilikuwa sheria ya 1964, mbona ilichukua miaka 36 kufanya kazi? Maelezo yoyote tutakayotoa lazima yaguse mwaka 2000.

Mleta mada nikurekebishe kidogo. Pale Blair Mountain wachimbaji hawakupigana na jeshi. Walipigana na watu wa Don Chafin, sherifu wa kaunti ya Logan aliyekuwa analipwa na kampuni za makaa. Jeshi la serikali kuu lilipofika, wachimbaji wengi walirudi makwao. Wengi wao walikuwa wamerudi juzi tu kutoka Vita ya Kwanza, hawakutaka kuwapiga risasi askari wenzao.

MzeeWaBaraza

Pokea shukrani Msomi. Madini hayo.

BabaKelvin_Ohio

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko Ohio mwaka wa kumi na kitu sasa, nilikuja kwa bahati nasibu ya green card. Nawasimulia ninachokiona.

Jirani yangu ni mzee wa Youngstown, mstaafu wa chuma. Baba yake chuma, kaka zake chuma. Sebuleni kwake kuna picha ya John Kennedy ukutani mpaka leo, na kwenye nyasi mbele ya nyumba kuna bango la Trump. Nilimuuliza, mzee hivi viwili vinakaaje nyumba moja? Akanijibu kwamba Clinton alisaini NAFTA, mkataba wa biashara huru na Meksiko na Kanada, na kazi zote zikaenda Meksiko, na tangu siku hiyo hana deni na chama. Hana chuki na mimi, mke wake ndiye aliyemfundisha Kelvin kuendesha baiskeli. Ukimwambia yeye mbaguzi atakushangaa.

Kaunti yao, Mahoning, ilimpigia Trump mwaka 2020. Mrepublikan wa mwisho kushinda pale kabla ya hapo alikuwa Nixon, mwaka 1972.

Ngosha_wa_Nyegezi

Baba Kelvin, mzee wako kakupiga chai. Kiwanda kikubwa cha Youngstown kilitangaza kufunga tarehe 19 Septemba 1977. Wao wenyewe wanaiita Jumatatu Nyeusi. Watu takriban 5,000 kazi imekwenda, na viwanda vingine vikafuata. NAFTA imeanza Januari 1994. Hiyo ni miaka 16 na ushee. Nani alikuwa rais 1977? Carter. Mdemokrati.

Mnalizunguka jambo lililo wazi. Uliberali ulipewa nchi ukashindwa kuiendesha. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 13 mwaka 1980. Kiwango cha mauaji kiliongezeka maradufu kati ya 1960 na 1980, kutoka 5.1 hadi 10.2 kwa kila watu laki moja. Jiji la New York lilinusurika kufilisika mwaka 1975. California, Juni 1978, karibu theluthi mbili ya wapiga kura wakapitisha sheria ya kubana kodi ya majengo inayolipwa serikalini kwa sababu mishahara haikuendana na tathmini za nyumba zao. Mtu anayeona mshahara wake unayeyuka halafu anaambiwa alipe zaidi, mnataka afanye nini? Akamchagua Reagan. Mimi pia ningemchagua.

Chizi_Maarifa

Ngosha angemchagua Reagan, halafu Reagan angemfukuza kazi kama wale waongoza ndege. Agosti 1981, zaidi ya 11,000 kwa mpigo. Na chama chao ndicho kilichokuwa kimemuunga mkono uchaguzini!

Ngosha_wa_Nyegezi

Waligoma kinyume cha sheria, mtani. Nenda kalale.

Mwanamvita

Nyinyi wanaume mwahesabu mishahara tu. Mwadhani mtu hupiga kura kwa mfuko peke yake?

Nawarudisha West Virginia kwenyewe. Mwaka 1974, kaunti ya Kanawha, ndiko uliko mji mkuu Charleston. Bodi ya elimu ilipitisha vitabu vipya vya shule. Mama mmoja mjumbe wa bodi, mke wa mchungaji, akasema vitabu vyatukana dini na uzalendo na vyaharibu Kiingereza cha watoto. Wazazi wakazuia watoto wasende shule. Na wachimba makaa, hao hao mnaowaita wana wa Blair Mountain, wakatoka migodini wakagoma kuwaunga mkono wazazi. Shule zikatiwa baruti, mabasi yakapigwa risasi. Hapo Reagan hajawa rais, NAFTA haijazaliwa.

Uliberali wa wakati ule ulikuwa wapitia mahakamani zaidi kuliko kwenye sanduku la kura. Maombi ya shuleni yalipigwa marufuku na Mahakama ya Juu mwaka 1962. Utoaji mimba ukahalalishwa na mahakama mwaka 1973. Boston watoto wakasafirishwa kwa mabasi kuchanganywa shule, kwa amri ya jaji, 1974. Waweza kuwa na haki katika yote hayo, na mimi naona mengine yalikuwa haki kabisa, lakini mtu aliyeshindwa bila kuulizwa huweka kinyongo. Wahubiri wakaja wakakikusanya kile kinyongo.

Msomi_wa_Mbagala

Mwanamvita umenifumbua. Hiyo ya wachimbaji kugoma kwa ajili ya vitabu sikuwa nayo.

Bado naona tatizo la tarehe. Wagome kwa ajili ya dini 1974, halafu wampigie Dukakis 1988? Kitu gani kiliwashikilia miaka 14?

Mimi nasema ni chama cha wafanyakazi, UMW. Mwaka 1950 kiongozi wao John L. Lewis alikubaliana na kampuni: leteni mashine mnavyotaka, ila kila tani inayotoka iingize fedha kwenye mfuko wetu wa matibabu na pensheni. Mfuko ule ukajenga hospitali milimani. Wajane wakalipwa. Mchimbaji akiumia, anayemjia kitandani ni mtu wa chama. Mwaka 1968 mgodi wa Farmington ulilipuka ukaua watu 78, na miezi mitatu baadaye wachimbaji wa jimbo zima wakagoma mpaka bunge lao likatunga sheria ya fidia kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la makaa. Kwa mtu wa kule uliberali ulikuwa na sura na jina, na siku ya uchaguzi sura hiyo ilimpitia nyumbani kumkumbusha.

Lakini mkataba ule ule ulikuwa na sumu. Mashine zilikuja kweli. Wachimbaji walikuwa zaidi ya laki moja mwaka 1950, leo wamebaki elfu kumi na kitu. Siku hizi wanapasua kilele chote cha mlima kwa baruti, kazi ya mamia inafanywa na wachache wenye mitambo. Chama kikakonda. Nchi nzima ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1983 asilimia 20.1 ya wafanyakazi walikuwa kwenye vyama, 2024 ni 9.9. Aliyekuwa anapita nyumbani hakupita tena. Aliyebaki kupita ni mchungaji na chama cha wenye bunduki. Mwaka 2000 Gore anakuja na hotuba za hewa chafu na Clinton nyuma yake kapiga marufuku bunduki za kivita 1994. Kwishnei.

Mutu_ya_Katanga

Bandugu mujambo. Miye ni Mkongomani, niko Iowa, kiwanda ya nyama. Naomba munisamehe Kiswahili yangu.

Msomi anasema kweli juu ya chama. Hapa kwetu wazee wanasimulia: zamani kazi ya kukata nyama ilikuwa kazi ya heshima, mutu ananunua nyumba, mwanamuke anabaki na watoto. Mwaka 1985 kampuni ya nyama Hormel ilikata mishahara, batu ya Austin, Minnesota, wakagoma. Gavana akatuma askari, kiwanda ikafunguliwa na batu wengine wakaingia. Huyo gavana alikuwa wa Democratic! Hata Ottumwa, hapa Iowa, wafanyakazi waliokataa kuvuka mustari wa wagomaji walifukuzwa. Kisha mishahara ikashuka, Wamarekani wakatoka, wakaingia Wamexico, kisha sisi.

Sasa fikiri yule muzee. Anatuona kwenye laini, kisu mukononi, anasema hawa ndio walinipokonya. Hakumbuki kampuni, hakumbuki gavana, anakumbuka sura yenye iko mbele yake. Kaunti ya Ottumwa ilimupa Obama mara mbili, kisha Trump.

Kipanga_Mkali

> Hakumbuki kampuni, hakumbuki gavana, anakumbuka sura yenye iko mbele yake.

Mutu, si ndiyo hoja yangu ya mwanzo hiyo? Wote mnarudi nilikoanzia kwa njia ndefu.

Mutu_ya_Katanga

Hapana kaka. Weye unasema chuki ilianza. Miye nasema mushahara ulianza kushuka, chuki ikafuata nyuma.

OtisWaKisumo

Wadau, niko nyuma lakini nimesoma zote. Mbona hamjamgusa mtu wetu?

Novemba 2008 Kibaki alitupatia sikukuu taifa zima, tarehe 6, eti Obama ameshinda. Kogelo hakukulalika. Na Obama alishinda vizuri, asilimia karibu 53, majimbo kama Indiana na North Carolina. Miaka miwili baadaye, 2010, chama chake kinapoteza viti 63 Bungeni. Hata kiti cha marehemu Ted Kennedy huko Massachusetts kilienda Januari 2010. Mlima na bonde kwa miezi kadhaa!

Sababu yangu: benki. Uchumi uliporomoka 2008, benki kubwa zikaokolewa kwa pesa za umma, na mamilioni ya watu wakanyang'anywa nyumba zao. Hakuna mkubwa wa Wall Street aliyefungwa wa kutajika. Mtu wa kawaida akaona serikali inaweza kusaidia, ila inachagua nani. Hapo ndipo imani ilivunjika.

Chizi_Maarifa

Otis tukiwa kwa Obama, West Virginia ilimfanyia mtu wenu kituko. Kura za mchujo za Democratic, Mei 2012, rais aliyeko madarakani anapambana na mfungwa aliyekuwa gerezani Texas, kesi ya unyang'anyi kwa vitisho. Mfungwa kapata asilimia 41. Si chai hii, nendeni mkatafute.

OtisWaKisumo

Woi. Mfungwa kweli?

MzeeWaBaraza

Nimeitafuta, ni kweli. Nimecheka peke yangu, mama watoto ananiuliza kulikoni.

Lakini hapo Kipanga anapata pointi. Mfungwa hana sera. Walikuwa wanampigia yeyote ambaye si yule.

Ngosha_wa_Nyegezi

Au walikuwa na hasira na vita vya Obama dhidi ya makaa. Miaka minne baadaye, mchujo wa 2016, jimbo hilo hilo lilimpa Bernie Sanders kaunti zote 55 dhidi ya Hillary Clinton. Hillary Mzungu. Alikuwa ametamka hadharani kwamba sera yake itawaondolea kazi wachimba makaa, na ingawa alikuwa anaelekea kusema atawatafutia kazi nyingine, hakuna aliyesikiliza nusu ya pili.

NyotaYaMinneapolis

Jamani hamjambo. Nimetoka shifti ya usiku, nitaandika kidogo nilale.

Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Zaidi ya nusu ya wazee walioko kwenye nyumba kama hizi Marekani nzima wanalipiwa na Medicaid, yaani serikali, programu ya Johnson ya 1965 ya kuwatibu wenye kipato kidogo. Nina babu mmoja, namwosha, namvalisha, tunataniana. Akiba yake iliisha zamani. Runinga yake haizimwi, na akisikia neno "serikali" anaguna. Siku moja aliniambia wavivu wanaokula Medicaid ndio wanaimaliza nchi. Babu, na wewe nani anakulipia? Akanionyesha kadi yake: imeandikwa jina la kampuni ya bima. Medicaid haipo popote kwenye ile kadi.

Na hajakosea sana kuchanganyikiwa. Hapa Minnesota programu yenyewe inaitwa Medical Assistance. Oklahoma ni SoonerCare, Tennessee ni TennCare, Wisconsin ni BadgerCare. Kentucky walipoleta bima ya Obama waliibatiza Kynect ili watu wasiikimbie. Uliberali wa Marekani unafanya kazi yake kimya kimya nyuma ya majina ya kampuni, halafu siku ya uchaguzi unashangaa kwa nini hausifiwi.

BabaKelvin_Ohio

Dada Nyota hapo umenikumbusha. Mwaka 2020 hundi za Corona zilikuja zimechapwa jina la Trump. Mwaka 2021 Biden akatoa nyingine, kubwa zaidi, akakataa jina lake lisiwekwe. Halafu kuanzia Julai hadi Desemba 2021 tulikuwa tunaingiziwa fedha za watoto kila katikati ya mwezi, dola 300 kwa mwenye chini ya miaka sita, 250 kwa mkubwa. Kwenye taarifa ya benki ilikuja na herufi za mamlaka ya kodi tu. Pale kazini nilimsikia jamaa anasema hiyo ni kodi yake anarudishiwa, Biden kahusikaje?

Ilizimwa Januari 2022. Umaskini wa watoto kitaifa ulikuwa umeshuka hadi asilimia 5.2, mwaka uliofuata ukarudi 12.4.

Msomi_wa_Mbagala

Na aliyeizima mnamjua? Joe Manchin, wakati huo Mdemokrati na seneta wa... haya mleta mada malizia mwenyewe.

MzeeWaBaraza

Ya West Virginia. Mungu wangu.

Ngosha_wa_Nyegezi

Manchin alikuwa anahofia mfumuko wa bei, na ukaja, asilimia 9.1 Juni 2022. Mnamlaumu kwa kuona mbele?

Chizi_Maarifa

Mimi nina swali la kijinga. Mtu aliyezaliwa Yanga hahamii Simba hata timu ikishuka daraja. Hawa baba Mdemokrati, babu Mdemokrati, wanahamaje?

Kipanga_Mkali

Si swali la kijinga. Kaunti ya Starr kule Texas, mpakani, watu wake karibu wote wana asili ya Meksiko. Mwaka 2024 ilimchagua Mrepublikan kwa mara ya kwanza tangu 1892. Na hapo, nakiri, maelezo yangu ya rangi yanapata kazi ngumu.

Ngosha_wa_Nyegezi

Tarehe ya leo iandikwe.

Mwanamvita

Na hao wa Starr ni wacha Mungu, wana jamaa zao kwenye polisi ya mpaka, na bei ya mayai waijua. Nilisema mimi.

Lakini msizike mtu angali apumua. Ilhan Omar alikaa kambi ya wakimbizi Kenya, leo yu Bungeni Marekani tangu uchaguzi wa 2018. Na Mamdani, aliyeshinda umeya wa New York, je?

OtisWaKisumo

Dadaab hiyo.

Mwanamvita

Si Dadaab, kaka. Utange, hapa kwetu Mombasa, njia ya Kisauni. Wamarekani huandika Utango. Msitunyang'anye.

Kipanga_Mkali

Mamdani tumgawane: kazaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Profesa Mahmood, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini. Novemba 2025 kijana kamshinda gavana mstaafu, kura zaidi ya milioni moja, sera zenyewe ni kugandisha kodi za nyumba na basi za bure. Hiyo ni 1936 imefufuka.

Ngosha_wa_Nyegezi

Hiyo ni New York, mkuu. Siku hiyo hiyo ugavana wa Virginia alishinda Spanberger na wa New Jersey akashinda Sherrill, wote Wademokrati wa katikati, mmoja aliwahi kuwa CIA, mwingine rubani wa jeshi la majini. Kila mmoja anachagua ushindi wa kumfurahisha.

Moderator

Utange na Yanga vimetosha. Turudi kwenye mada.

Msomi_wa_Mbagala

Narudi. Mimi naona tunauliza kama vile uliberali ni kitu kimoja kilichoanguka. Mwaka 1996 Clinton mwenyewe, Mdemokrati, alisaini sheria ya kukataa kutambua ndoa za jinsia moja, na wakati huo waliounga mkono ndoa hizo walikuwa asilimia 27. Mwaka 2015 zikahalalishwa nchi nzima, na leo wengi wao hawana shida nazo. Upande huo uliberali ulishinda mpaka wapinzani wakachoka. Mwaka huo huo wa 1996 Clinton huyo huyo alikata misaada ya akina mama maskini na kutangaza kwamba enzi ya serikali kubwa imekwisha. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, hakijaguswa. Upande wa mfuko ulishindwa, na walioushika mkono kuupeleka chini ni watu wake wenyewe.

Ukiwauliza watu wanajiitaje, utafiti wa Gallup wa 2024 ulipata asilimia 25 waliberali, 37 wahafidhina. Mwaka 1992 waliberali walikuwa 17. Kwa hiyo wameongezeka! Ila wamejazana ndani ya chama kimoja na kwenye miji ya vyuo vikuu.

NyotaYaMinneapolis

Nimeamka. Ongeza Missouri hapo. Novemba 2024 wapiga kura wale wale, karatasi ile ile: Trump kashinda kwa mbali, kima cha chini cha dola 15 kikapita, siku za ugonjwa zenye malipo zikapita, haki ya kutoa mimba ikapita. Florida 2020 vilevile, dola 15 ilipata asilimia karibu 61 na Trump akachukua jimbo. Wanachukua mzigo, hawamtaki mbebaji.

Ngosha_wa_Nyegezi

Na bunge la Missouri likazifuta hizo siku za ugonjwa mwaka 2025, na sijasikia wapiga kura wakiandamana. Kupenda kitu kwenye karatasi ni jambo moja, kukipigania ni lingine.

Mutu_ya_Katanga

Lakini walimu ya West Virginia walipigania. 2018, kaunti zote 55 zilifunga shule, wakapata nyongeza ya asilimia tano. Jimbo ya Trump hiyo.

MzeeWaBaraza

Sasa mmenirudisha nyuma ya nilipoanzia. Nikimshika Msomi na chama cha wafanyakazi, Mwanamvita ananivuta na vitabu vya 1974. Nikimkubali Mutu, Ngosha ananipiga na mfumuko wa bei.

Niulize upande wa pili wa shilingi basi. Vermont nayo ni milima, Wazungu watupu, vijiji, bunduki tele. Iligoma kumpa Roosevelt mwaka 1936, yeye akakosa Maine na Vermont tu nchi nzima. Tangu chama cha Republican kizaliwe haikuwahi kumpa Mdemokrati mpaka 1964. Leo ndiyo ya Bernie. Imekuwaje milima miwili ipishane hivi?

Msomi_wa_Mbagala

Wahamiaji. Miaka ya sitini na sabini vijana wa New York na Boston walikimbilia mashambani kule, wakabaki, wakazaa. Bernie mwenyewe ni mtoto wa Brooklyn. West Virginia watu walitoka, Vermont watu waliingia. Alipogombea umeya wa Burlington mwaka 1981 alishinda kwa kura 10.

Ngosha_wa_Nyegezi

Hapo sikubali, wahamiaji peke yao hawatoshi. New Hampshire ni jirani, nayo ilipokea watu wa Boston, mbona inayumba kila uchaguzi? Wale waliokwenda New Hampshire walikuwa wanakimbia kodi.

Chizi_Maarifa

Kura 10? Ukoo wa mjomba wangu wa Temeke ungekuwa Burlington siku ile, Bernie asingejulikana.